Kambili wa Purple Hibiscus: ujasiri wake ulitoka wapi hasa?

#1 Msomaji Mkaidi
Wakuu, habari. Nimemaliza kuirudia Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie (2003) na kuna jambo linanikereketa. Karibu kila uchambuzi ninaokutana nao unasema Kambili alifunguka kwa sababu ya Padri Amadi. Binti wa miaka 15 aliyelelewa kwa mkanda na ratiba anampenda padri kijana, anajifunza kucheka, basi, kapona. Mimi nakataa.

Aliyemfungua Kambili ni Amaka, binamu yake, tena kwa kumkera. Rudieni pale kwenye majani ya orah. Wako Nsukka kwa Shangazi Ifeoma, mboga inatakiwa iandaliwe kwa ajili ya supu. Amaka anatupa dongo kwamba matajiri hawaandai orah majumbani mwao. Shangazi Ifeoma hamgombezi Amaka. Anamgeukia Kambili: kwani huna mdomo? Mjibu! Na Kambili anajibu kwamba Amaka hana haja ya kupiga kelele, yeye hajui kuandaa orah lakini anaweza kuonyeshwa. Mwenyewe anashangaa maneno yale matulivu yametoka wapi. Amaka anaangua kicheko, halafu anamwonyesha kweli, na Kambili anakaa na sinia mapajani ananyofoa vikonyo kimoja kimoja.

Huyu ndiye aliyeambiwa aanzishe kiapo cha taifa mbele ya shule nzima na maneno yakamgomea kooni. Kilichotokea hapo katikati ni ubishi wa mtu wa rika lake. Mapenzi yana sehemu yake, ila yalikuja kukuta mlango uko wazi. Karibuni.

#2 Bi Maua
Mleta mada, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Kujibu neno moja jikoni siyo kufunguka. Amadi alifanya kitu ambacho hakuna mwingine alikifanya: alimrudishia mwili wake.

Fikiria mwili wa Kambili umetumika kwa nini mpaka siku hiyo. Ulimi wa kuunguzwa na chai ya moto ya baba, ile anayowapa wanywe funda moja kama ishara ya upendo. Mgongo wa kupigwa mkanda kwa sababu amekula nafaka dakika chache kabla ya misa ili aweze kumeza dawa ya maumivu ya hedhi. Miguu yake inakimbia, ndiyo, lakini inakimbilia gari baada ya shule kwa sababu dereva anamsubiri na dakika zimehesabiwa, na wenzake wanadhani anaringa. Kisha anakuja mtu anampeleka uwanjani na kumwambia ana miguu mizuri ya kukimbia. Miguu ileile! Hapo ndipo mwili unaanza kuwa wake.

#3 Nyota ya Jaha
Nafuatilia. Kitabu ninacho ila sijakifungua, tafadhali msiguse mwisho.

#4 Kalamu Nyeusi
Nyota ya Jaha, toka humu mbio ndugu yangu. Kitabu kimekaa mitaani zaidi ya miaka 20, hakuna atakayekulindia mwisho.

#5 Mwalimu Darasani
Nimewasoma wote wawili, #1 na #2, na naona mnagombania watu wakati jibu ni nyumba. Amaka peke yake, bila nyumba ile, angekuwa mmoja tu wa wale wasichana wa shuleni wanaomcheka Kambili. Amadi bila nyumba ile angekuwa padri wa kwenye mahubiri.

Angalieni Shangazi Ifeoma anavyoishi. Mjane, mhadhiri wa chuo kikuu, watoto watatu, mshahara unasuasua, petroli ya kuhesabu, maji ya kuweka akiba. Jambo la kwanza anapoiona ile ratiba ambayo Eugene, baba yake Kambili, kawachorea watoto ni kuichukua. Anaiweka kwake. Watoto wawili, Kambili na kaka yake Jaja, ambao saa zao zote zimegawanywa kati ya kusoma, kusali na kulala wanabaki na siku tupu mikononi mwao. Mezani watu wanaongea juu ya wenzao, wanabishana, wanacheka bila sababu kubwa, na hakuna anayemeza mate akisubiri kuona uso wa baba umekaaje. Kambili hakufundishwa ujasiri. Aliwekwa mahali ambapo sauti ni jambo la kawaida na hakuna kofi linalofuata baada ya kufungua mdomo, na akaizoea hewa hiyo polepole.

#6 Fundi Sentensi
Mwalimu, hoja nzuri ila kofi lipo. Obiora alibishana na Chiaku, rafiki wa mama yake, na Ifeoma akamwita ndani akamnasa vibao. Kambili alisikia. Kilichomshangaza ni maelezo yaliyofuata: mama alimwambia mwanawe kwamba hagombani naye kwa kutokubaliana na mgeni, anagombana na namna alivyotoa kutokubaliana kwake.

Hii inaipa hoja yako nguvu kuliko ulivyoiandika. Pale kwa Ifeoma adhabu ina mpaka na mpaka wenyewe unasemwa kwa mdomo. Kwao Enugu, Kambili hajui kosa linaanzia wapi. Kumaliza wa pili darasani ni kosa. Baba anamwendea shuleni na kioo kidogo, anamtaka ajitazame na kuhesabu ana vichwa vingapi kulinganisha na yule msichana aliyeongoza.

#7 Mwalimu Darasani
Ahsante Fundi. Hiyo ya mpaka unaosemwa naiweka kwenye hoja yangu kuanzia sasa.

#8 Tulizana
Habari za humu. Mimi kazi yangu ni unasihi kwa vijana, na riwaya hii nimewahi kuitumia na kikundi cha wasichana, kwa hiyo nitaongea kikazi kidogo.

Albert Bandura, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kufanya jambo fulani. Alitaja vyanzo vinne. Cha kwanza na chenye nguvu kuliko vyote ni kulifanya jambo mwenyewe ukafanikiwa. Cha pili ni kumwona mtu unayejifananisha naye akilifanya. Cha tatu ni kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza. Cha nne ni namna unavyousoma mwili wako mwenyewe: moyo ukienda mbio unauona ni hofu au ni mwili unajiandaa?

Sasa tazameni. Orah ni chanzo cha kwanza, nami nipo na Msomaji Mkaidi hapo. Amaka na Obiora wanaojibu wakubwa bila kutetemeka ni cha pili. Amadi akimwambia "unaweza kukimbia" ni cha tatu, na uwanja wenyewe, moyo unaodunda kwa mbio na siyo kwa woga, ni cha nne. Mnagombana kana kwamba lazima achaguliwe mmoja, na hakuna aliyesema hivyo.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Judith Herman, katika kazi yake ya 1992 kuhusu kupona kiwewe, anaweka usalama kama hatua ya mwanzo. Baadaye ndipo kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi kuungana na watu. Kambili hana usalama. Anarudi Enugu kila mara. Kwa hiyo anakua vipi?

#9 Msomaji Mkaidi
Tulizana, umegusa penyewe. Watu wanaandika "ujasiri wa Kambili baada ya kiwewe". Baada gani? Pangeni matukio kwa mfuatano wake. Orah inatangulia. Wakirudi nyumbani ndipo baba anawasimamisha ndani ya hodhi la kuogea na kuwamiminia maji ya moto miguuni, kwa kuwa walilala nyumba moja na babu yao "mpagani" na hawakusema. Kisha inakuja ile picha ya babu na mateke ya baba. Anapata sauti kwanza, halafu anaumizwa kuliko alivyowahi kuumizwa. Ukuaji na kidonda vinakwenda sambamba.

Bi Maua, sijakusahau. Miguu iliyomwagiwa maji ya moto ni hiyohiyo unayosema Amadi aliirudisha. Nakupa nusu.

#10 Bi Maua
Nusu siipokei, nataka yote.

#11 Kimyakimya
Huwa nasoma tu humu, leo niandike. Nimekulia nyumba ambayo mlio wa gari la baba ukisikika getini, redio inazimwa na kila mtu anatafuta kazi ya kushika. Nilipokwenda kusoma mbali niliishi na familia ya rafiki yangu. Baada ya muda nilikuwa nabishana na kaka zake mpaka usiku, natoa hoja, nacheka kwa sauti. Rafiki yangu alipokuja kwetu likizo alishindwa kunitambua. Nilikaa mezani kama samani. Aliniuliza baadaye, ni wewe kweli?

Ninachotaka kusema: ujasiri wangu ulikuwa na anwani. Ulikaa kwa watu wale, haukupanda nami kwenye basi. Ndiyo maana nikisoma Kambili akirudi Enugu na kunyamaza tena siwezi kusema hajakua, na wala siwezi kusema amekua. Sijui mnaliitaje hilo.

#12 Tulizana
Kimyakimya, ahsante kwa kuandika. Hicho ulichokieleza nakisikia kwa vijana wengi. Mwili hujifunza mahali kabla haujajifunza kanuni. Unajua "hapa naweza" muda mrefu kabla ya kujua "naweza".

#13 Mjukuu wa Hadithi
Nyote mnazunguka kilele. Kilele ni picha. Amaka kamchora babu yao, Papa-Nnukwu, picha nzuri iliyokamilika, akampa Kambili aende nayo. Kambili anaificha mzigoni mpaka nyumbani kwa baba anayeamini kwamba sura ya yule mzee ni uchafu wa kipagani. Baba anawakuta wanaitazama. Anauliza nani ameileta. Jaja anasema mimi. Kambili anasema mimi.

Simameni hapo. Yule wa kiapo kilichokwama kooni. Neno moja, mbele ya mtu anayemwogopa kuliko wote, ndani ya nyumba yake yeye baba. Kimyakimya, hapa ujasiri ulipanda basi. Na baba alipoichana, Kambili aliangukia vipande na kuvilalia, akagoma kuinuka mpaka mateke yakampeleka hospitali akiwa hajitambui, akapewa hadi sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Kama huo siyo ujasiri, mimi sijui ujasiri ni nini.

#14 Fundi Sentensi
Mjukuu, picha haikukamilika. Papa-Nnukwu alifariki Amaka akiwa bado anaichora. Hilo lina uzito wake, maana anachokilalia Kambili sakafuni ni kazi iliyokatishwa mara mbili, na kifo kisha na baba.

#15 Kalamu Nyeusi
Mimi #13 siipingi kwa ukweli, naipinga kwa jina. Kile kitendo siyo ujasiri, ni msiba. Kambili mwenyewe anasimulia kwamba alijikunja sakafuni kama mchoro wa mtoto tumboni alioujua kwenye kitabu chake cha sayansi cha shule. Hilo ni umbo la mtu anayerudi nyuma mpaka kabla hajazaliwa. Anaomboleza babu aliyekatazwa kumpenda, anaomboleza Nsukka yote kwa pamoja. Tukiita hilo ushujaa tutakuwa tunamwambia kila mtoto anayepigwa kwamba kuvumilia mateke ndiyo kukomaa. Nalikataa kwa moyo wangu wote.

#16 Mjukuu wa Hadithi
Sijasifu kuvumilia mateke mkuu. Nimesifu lile "mimi" lililotangulia. Aliweza kumwachia Jaja abebe, kama alivyozoea, naye akalichukua.

#17 Kalamu Nyeusi
Hapo kwenye "mimi" tuko pamoja. Sakafuni hapana.

#18 Nahodha wa Kurasa
Naomba nilete mtu ambaye hamjamgusa: Eugene mwenyewe. Mnakumbuka anavyomsimulia mwanawe kwamba alipokuwa kijana, akiishi na padri aliyemsomesha, alikutwa akitenda dhambi juu ya mwili wake, na yule padri akamwambia achemshe maji kama ya chai, akayamimina bakulini na kumtumbukiza mikono? Anasimulia kwa shukrani! Anaamini alisaidiwa.

Basi jeraha ni lilelile, maji yaleyale ya moto. Mmoja akawa tajiri mwenye viwanda, mchapishaji wa gazeti linalosema kweli mbele ya serikali ya kijeshi, mfadhili wa kijiji kizima, na mtesaji wa nyumba yake. Huku nje jasiri kuliko wanaume wote wa Enugu. Kambili akawa kitu kingine. Nadharia yenu yoyote kuhusu Kambili lazima ieleze na Eugene, la sivyo haijatimia.

#19 Mwalimu Darasani
Hapa naona jibu langu linasimama. Eugene hakuwa na Nsukka. Alitoka kwenye mikono ya yule padri akiwa na maelezo moja tu ya kilichompata, kwamba kilikuwa wema. Kambili alipata maelezo ya pili.

#20 Nahodha wa Kurasa
Lakini Ifeoma ni dada yake wa tumbo moja, walilelewa na baba mmoja. Aliyempa Kambili maelezo ya pili aliishi na Eugene utotoni. Kwa nini yeye hakumfikia kaka yake?

#21 Mzee wa Magazeti
Nikichepuka kidogo. Ade Coker, mhariri wa gazeti la Eugene anayeuawa kwa bomu la kifurushi, anamkumbusha kila aliyefuatilia habari za Nigeria yule Dele Giwa wa jarida la Newswatch, aliyeuawa kwa bomu la kifurushi nyumbani kwake Lagos, Oktoba 1986. Ile riwaya ina harufu ya miaka ya wanajeshi, na vijana wanaosoma leo wanaipita.

#22 Msomaji Mkaidi
Mzee wa Magazeti, shikamoo. Hiyo inastahili uzi wake. Ila inarudi kwenye mada: baada ya Ade Coker kuuawa, Eugene anaanza kubomoka, na nyumba inalegea kwa sababu anayeishikilia amechoka. Kuna watakaosema Kambili alikua kwa kuwa baba alidhoofika.

#23 Mzee wa Magazeti
Marahaba. Endeleeni.

#24 Mtoto wa Kati
Nilipoona mada nilidhani mtamtaja Rosa wa Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971. Baba mkali, Zakaria, barua ya mvulana Charles inakamatwa, binti anapigwa kipigo cha kukumbukwa. Rosa naye anakwenda shule ya bweni, anaondoka kwenye macho ya baba kama Kambili anavyokwenda Nsukka. Na Rosa akaangamia. Mwenye nadharia ya "mtoe nyumbani atafunguka" anijibu kwa nini Rosa hakufunguka.

#25 Bi Maua
Swali zuri sana. Rosa alitolewa kwenye ukali akatupwa kwenye uhuru usio na mtu. Hakuna Ifeoma, hakuna wa kumwambia mjibu, na wanaume waliomzunguka walikuwa na haja zao. Woga wa Zakaria ulipoondoka, hakukuwa na kitu chochote chini yake.

#26 Kalamu Nyeusi
Na tusisahau Rosa anahukumiwa na kila mtu, wasomaji wakiwemo. Kambili anasimulia mwenyewe. Labda hapo ndipo tofauti. Rosa angepewa "mimi" riwaya nzima tungemsoma vingine.

#27 Fundi Sentensi
Kalamu Nyeusi ameniwahi, ila nakwenda mbele yake, na hili ndilo nililotaka kusema tangu jana.

Kitabu kinaanza na Jumapili ya Matawi. Jaja hakupokea komunyo, baba anarusha kitabu cha misale, vinavunjika vile visanamu vya wacheza baleti ambavyo mama huvisafisha kila baada ya kupigwa. Mezani baba anangoja wasifie juisi mpya ya kiwanda chake. Jaja anasema hana maneno mdomoni. Kambili anatamani kusema kitu, anameza juisi vibaya, anakohoa mpaka anatetemeka.

Tunaposoma ukurasa huo tunadhani huyo ni Kambili wa mwanzo. Siyo! Jumapili ya Matawi inakuja baada ya orah, baada ya uwanja, baada ya "mimi", baada ya hospitali. Mwandishi ameitanguliza kwa makusudi. Kambili yule mnayesema amefunguka ndiye yuleyule anayepaliwa na juisi mbele ya baba. Ukisoma kwa mfuatano wa kalenda, hakuna ngazi ya kupanda. Kuna kupanda na kuporomoka.

Kitu pekee kinachokwenda mbele bila kurudi ni sauti ya msimulizi. Anasimulia yaliyopita, anajua vinavyokwisha, anaweza kutaja kila alichoshindwa kukisema wakati ule. Sehemu ya mwisho tu ndiyo iko wakati uliopo. Ujasiri wa Kambili ni kusimulia. Matendo yake ndani ya hadithi ni ushahidi dhaifu.

#28 Msomaji Mkaidi
Fundi, umenilazimisha kufungua kitabu saa hii. Hilo la Jumapili ya Matawi ni zito. Bado naitetea orah, maana bila mtu wa kumjibu kwanza huwezi kupata wa kumsimulia, lakini sasa nitaisoma kama mbegu na siyo kama mlango.

#29 Tulizana
#27 inaafikiana na ninachokiona kazini kuliko nadharia niliyoileta. Kuporomoka mbele ya mtu yuleyule aliyekuumiza ni jambo la kawaida kabisa, halifuti yaliyopatikana. Na kusimulia kwa mpangilio, mwanzo, katikati, mwisho, ni sehemu kubwa ya ile hatua ya pili ya Herman. Ila Fundi, sikubali kwamba matendo ni ushahidi dhaifu. Aliyekohoa Jumapili ya Matawi, siku chache tu baadaye yuko Nsukka tena, na kabla Amadi hajaondoka kwenda Ujerumani anamwambia uso kwa uso kwamba anampenda.

#30 Sauti ya Kasri
Hapo kwa Amadi mimi nina kinyongo na nashangaa uzi umefika mbali hivi bila mtu kukitoa. Mtu mzima, padri, anamchukua binti wa miaka 15 aliyeumizwa, anamsifia miguu, anampeleka kusukwa nywele kwa Mama Joe, hata msusi anasema wazi kwamba mwanaume hamleti msichana kusuka bila kumpenda. Mwandishi hakumvusha mpaka, sawa. Lakini tusiite tiba. Kambili ametoka kumwabudu baba kama mungu, akahamishia ibada kwa mwanaume mwingine wa kanisa.

#31 Bi Maua
Sauti ya Kasri, hofu yako ina msingi na siipuuzi. Ningemwona binti yangu hivyo ningeuliza maswali. Lakini tofauti ipo kwenye kinachotokea baada ya Amadi kuondoka. Baba alipoondoka alibaki akimtafuta kwenye ndoto. Amadi alipoondoka alibaki na barua, anazisoma, anaandika, na anasema hajiulizi tena kama ana haki ya kumpenda. Ibada inakuacha mtupu ukinyang'anywa mungu wako. Yeye hakubaki mtupu.

#32 Sauti ya Kasri
Au amezoea kupenda mtu asiyekuwepo. Hilo nalo halijajibiwa.

#33 Kijana wa Zamu
Mnaandika marefu jamani. Kwa kifupi: Jaja alimuua baba, nyumba ikapata amani, dada akapata kujiamini. Mwisho.

#34 Fundi Sentensi
Kijana wa Zamu, Jaja hakuua. Mama, Beatrice, ndiye aliyekuwa akitia sumu kwenye chai, msichana wao wa kazi aitwaye Sisi akaipata kwa mjomba wake mganga. Jaja alijitaja kwa polisi ili mama asichukuliwe.

#35 Nyota ya Jaha
Kalamu Nyeusi, ningekusikiliza ningetoka.

#36 Kalamu Nyeusi
Pole sana. Kisome tu, bado kitakuuma.

#37 Mwalimu Darasani
Ila Kijana wa Zamu kagusa jambo kwa bahati. Kifo cha Eugene ni usalama umekuja kwa nguvu, na Kambili haufurahii. Anamwombea misa, anatamani amwone ndotoni. Wasomaji wengine hilo linawaudhi, wanataka amchukie. Mimi ndilo linalonifanya nimwamini. Nimefundisha watoto waliotoka kwenye vipigo, na hakuna hata mmoja aliyeacha kumpenda mzazi wake kwa sababu alikuwa huru.

#38 Kimyakimya
Mwalimu, hilo ni kweli kabisa. Baba yangu alipougua mimi ndiye niliyemwogesha. Sikuwa na hofu naye tena, na nililia mno alipofariki. Watu waliojua ya nyuma walinishangaa.

#39 Nahodha wa Kurasa
Basi tumtazame yule wa mwisho, wa miaka karibu mitatu baadaye. Mama amenywea, haongei, anasahau. Jaja yuko gerezani, mabega yana makovu, macho yamekauka. Kambili ndiye anayeweka kanda ya mwanamuziki Fela kwenye gari, ndiye anayepanga: Jaja akitoka watampeleka Nsukka kwanza, kisha Marekani kwa Ifeoma, watapanda michungwa mipya kijijini kwao Abba. Anamzungushia mama mkono begani. Mtoto aliyekuwa mdogo kuliko wote kwa sauti ndiye kichwa cha familia.

Swali langu: hakukua kwa sababu ya Ifeoma wala Amaka wala Amadi, maana wote wamekwenda zao. Alikua kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kusimama?

#40 Msomaji Mkaidi
Hiyo ni nadharia ya sita humu kama sijapoteza hesabu, na ni nzito. Naiogopa kidogo, maana inasema ujasiri ni mzigo ulioangukia bega lililokuwa karibu.

#41 Tulizana
Nahodha, vijana waliolazimika kuwa wazazi wa wazazi wao nawajua. Kwa nje wanaonekana imara kuliko wote. Kwa ndani wengine ni imara kweli, na wengine hawajawahi kupata nafasi ya kujua. Kwa Kambili naegemea upande wa kwanza kwa sababu anacheka. Mwanzoni kicheko chake mwenyewe kilikuwa kigeni masikioni mwake.

#42 Sauti ya Kasri
Anacheka, Jaja kimya. Huyu kijana ndiye aliyeanza uasi, ndiye aliyesema hana maneno mdomoni, ndiye aliyedai kwenda Nsukka, ndiye aliyebeba kosa la mama. Dada kakua kila kaka alipotangulia kupasua njia, na kaka kabaki kwenye kuta. Anapangiwa Nsukka na Marekani na michungwa, na hakuna anayemuuliza anataka nini. Nahodha na Bi Maua, nionyesheni ukurasa ambao Kambili anamuuliza.

#43 Bi Maua
Nipe mpaka jioni, naisoma upya sehemu yote ya mwisho.